Kisu cha Shemeji

3 Mei

Shemeji,

Sisi huku tu wazima. Mdogo wako anakusalimu na anasema umetutupa, na kwamba usipoandika mwezi huu atakuja mwenyewe kukufungulia kesi. Najua simu huiwezi tena, nyundo imeshakula masikio yako, lakini kalamu haipigi kelele.

Nina jambo la ufundi nataka kukuuliza. Kazi yangu unaijua: miaka kumi na minne nachora ramani za milima ambayo sijawahi kuikanyaga. Miguu yangu imezoea ngazi za ghorofa ya pili, basi. Sasa hapa ofisini kumeanzishwa kikundi cha watembea milimani. Kiongozi wetu tunamwita Mkuu wa Msafara. Ni yule bwana wa kitengo cha vipimo niliyewahi kukusimulia, anayeongea kama anaita watu walio ng'ambo ya mto. Mwezi ujao tutatembea siku tano, tupite msituni, tulale kwenye mahema, tupande mpaka mgongo wa mlima na kurudi. Ametugawia orodha ya vitu vya kubeba, na kimojawapo ni kisu kikubwa kisichokunjwa, kila mtu na chake.

Nilikwenda dukani. Ukuta mzima ni visu, vingine virefu kama mkono wangu, vingine vina meno ya msumeno mgongoni. Muuzaji akaniuliza nataka cha namna gani, nikamjibu naangalia tu, nikatoka nimelowa jasho.

Ofisini nimewaambia wote kwamba shemeji yangu ni mhunzi. Nilisema kwa majivuno, sikufichi. Mkuu wa Msafara akasema nikija na kisu kizuri kutoka kwako, kikundi kitaagiza vingine kumi na viwili. Basi nifundishe, kisu cha kwenda nacho porini kinachaguliwaje? Na mkono ukipata nafasi, nitengenezee kimoja.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


11 Mei

Shemeji,

Mwambie mdogo wangu aje na kesi yake, nitampa koleo ashike.

Umeniuliza kisu kinachaguliwaje. Watu wengi huanza kwa kukitazama kisu, wakaishia kununua sura. Wewe anza na kazi. Huko uendako huendi kupigana. Utapasua kuni, utakata kamba, utachonga vigingi vya hema, utafyeka kitawi kilichoziba njia, na asubuhi utakata mkate. Kisu kikubwa ni kile kinachofanya yote hayo bila kukuchosha.

Urefu wa bapa upime kwa mkono wako, tangu kwenye mkunjo wa kiganja mpaka ncha ya kidole cha kati. Kikizidi hapo kinaanza kuwa panga, na begi litakulalamikia. Kikipungua hakipasui kuni. Mgongo wake uwe mnene, maana kuni mbichi hupasuliwa kwa kuweka kisu juu yake na kukipiga mgongoni na gongo. Hayo meno ya msumeno uliyoyaona ni ya kuvutia wateja. Hayakati mti, na yanakunyima mahali pa kupiga.

La muhimu kuliko yote halionekani. Chuma kiwe kimoja tangu ncha hadi kitako. Mpini ni nguo tu ya kukivisha. Kuna visu vinavyouzwa na mpini mtupu ndani, eti uwekee viberiti na sindano. Ukimwona mtu anakipiga gongo kisu cha namna hiyo, sogea mbali. Chuma kimeshikizwa kwa skrubu fupi kuliko kidole gumba, na siku itakapokatika hakuna ajuaye bapa litaruka upande gani.

Chako nimekimaliza jana. Ni springi ya lori, nimeipiga siku tatu. Bapa nimeliacha jeusi lilivyotoka motoni, maana kung'arisha ni kuondoa chuma bure. Mpini umetoka kwenye mti wa sururu iliyovunjika, nao umeshazoea viganja vya watu. Kitapata kutu usipokipaka mafuta. Si kizuri cha sura, lakini hata mimi si mzuri na mdogo wangu hajawahi kunikana.

Dereva wa lori la mbao atakuletea mpaka mlangoni.

Shemeji yako,
Mhunzi


24 Mei

Shemeji,

Kisu kimefika salama. Kazi nzuri sana, ahsante. Ala nayo imeshonwa vizuri, na uzi umeishika ngozi barabara.

Nilitaka kukuuliza tu, kwa kujifunza: mtu akitaka bapa ling'ae kidogo, kuna njia ya haraka? Si kwamba nataka. Nauliza tu.

Ijumaa tunaonyeshana vifaa mezani ofisini, Jumamosi tunaondoka. Mdogo wako ananifungia begi huku ananicheka. Nitakuandikia nikirudi.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


19 Juni

Shemeji,

Nilidhani kufikia leo ningekuwa nimesoma habari za safari. Mbona kimya? Malengelenge ya miguuni hayamzuii mtu kuandika.

Mkuu wa Msafara wenu ndiye aliyeniandikia. Barua yake ina mistari mitatu. Anasema agizo la visu kumi na viwili limefutwa "kutokana na tukio lililotokea," na ananiomba nisiendelee. Nilikuwa nimeshachagua springi zote na kuchora maumbo kwa chaki. Nimeisoma mara nyingi na sioni maana yake. Tukio gani?

Kama kisu kilikuwa kizito, niambie. Kama kilikukwaruza kiganja, niambie. Miaka thelathini na moja ya kazi hii, nimeshasikia mabaya mengi kuhusu kazi zangu na sikufa. Mtu asiponiambia kitu ndipo ninapopata shida.

Mhunzi


27 Juni

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi, kuna ramani mpya za bonde tunazotakiwa kuzimaliza.

Usiumize kichwa kwa barua ya Mkuu wa Msafara. Yule ni mtu wa kuamua leo na kubadili kesho. Njiani kulitokea ajali ndogo, mwenzetu mmoja akaumia mkono, watu wakaingiwa na hofu ya visu kwa jumla. Mwenyewe anaendelea vizuri. Kisu chako ni kizima kabisa, hakina hata pengo.

Mlima ulikuwa na mvua. Nimegundua kwamba mistari ninayoichora kwa kalamu kwa dakika moja inachukua nusu siku kwa miguu.

Mdogo wako mzima. Tafadhali usimwandikie yeye kuhusu mambo haya, atapata wasiwasi bure.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


10 Julai

Shemeji,

Sasa nimejua. Sikuridhika na maneno yako, nikamwandikia Mkuu wa Msafara kumwomba anieleze kama mtu mzima kwa mtu mzima. Amenijibu kurasa mbili.

Amesema siku ya tatu mvua ilinyesha, kuni zilikuwa mbichi, mkawa mnapasua moja kwa kupiga kisu gongo. Bi Jalada, yule mama anayejalidi vitabu na ramani hapo ofisini kwenu, alikuwa ameushikilia mti. Kisu kikakatika kwenye mpini, bapa likaruka likamkata chini ya vidole viwili vya mkono wa kulia. Mlimteremsha kwa machela siku nzima. Ameandika kwamba kisu hicho ndicho kile nilichokutengenezea, na kwamba mtu kama mimi hafai kuuza hata kijiko.

Uliniambia kisu ni kizima. Umenidanganya kwa kunihurumia, na nimekaa na barua yako mkononi nikiona jinsi ulivyohangaika kunificha nisiumie. Ahsante. Lakini usinifanyie hivyo tena.

Karakana nimeifunga. Nimejaribu kukumbuka kila kitu. Nilipokitia kwenye mafuta kikaze, rangi ya chuma ilikuwa sawa, au macho yangu ndiyo yalitaka iwe sawa? Siku hizi jioni naona moto wa chungwa pale ambapo zamani niliona mwekundu. Huenda springi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele na mimi nikaupita. Kijana wa umri wako angeuona.

Nimechukua gunia nikapita nyumba kwa nyumba kwa kila aliyenunua kisu kwangu tangu mwaka jana. Nyumba tisa. Mwenye bucha, seremala, mama wa bustani ya mboga, wote. Nimewaambia: kisu changu kimemkata mtu, nirudishieni kabla hakijamkata mwingine. Mwenye bucha alidhani natania. Alipoona sitabasamu akakitoa, lakini hakunitazama usoni tena. Vijana wangu wawili wa kazi nimewaambia watafute kwingine.

Bi Jalada nimemwandikia. Nimemwomba anisamehe, nikamwuliza kama aliona rangi ya chuma pale kilipokatikia, na zaidi ya hayo sikujua nimwambie nini.

Nakuomba jambo moja. Nitumie vile vipande. Chuma kilichovunjika kinasema kwa nini kimevunjika. Punje zake zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe, nilikichoma kupita kiasi. Kukiwa na doa la kutu ndani, ufa ulikuwepo siku nyingi. Nataka kujua kosa langu lilikuwa lipi, shemeji. Bila hilo siwezi kuwasha moto tena, wala siwezi kuuacha.

Mhunzi


18 Julai

Bwana Mhunzi,

Usiucheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, umeanza shule ukiwa na miaka hamsini na mitatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwenye kuandika vile si mtu mzembe, na ningependa uache kujiapiza. Mimi sikulaani. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havikunji wala havisikii. Daktari anasema huenda kimoja kikaamka, hakuahidi. Kujalidi ni kazi ya vidole, lazima uusikie uzi unavyokaza kwenye karatasi kabla hujauona, kwa hiyo kwa sasa napanga kurasa tu, na wengine wanashona. Wanashona vibaya, lakini nimenyamaza.

Umeniuliza kama niliona rangi ya chuma pale kilipokatikia. Sikuona, nilikuwa nautazama mkono. Ila kisu chenyewe nakikumbuka vizuri, kwa sababu siku ile ya kuonyeshana vifaa mezani mimi ndiye niliyekisifia zaidi. Kiling'aa mpaka ungeweza kuchania nywele. Kilikuwa na meno ya msumeno mgongoni, na mpini mweusi wenye kifuniko cha kufungua, ndani mna viberiti, sindano na kamba ya kuvulia samaki. Nilimwambia shemeji yako, kumbe mhunzi wenu anaweza kazi nyembamba kiasi hiki! Naye alicheka tu kwa haya. Siku ile ya mvua mimi ndiye niliyesema tutumie hicho, maana ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote.

Basi usijitese. Siku njema.

Bi Jalada


29 Julai

Shemeji,

Hii ni barua ya sita. Tano nimezichana.

Sina vipande vya kukutumia. Kisu kilichovunjika si chako. Chako kiko chini ya mablanketi, kwenye kabati la chumbani, ndani ya ala yake. Hakijawahi kukata hata uzi.

Naomba usome mpaka mwisho, hata ukitaka kunitukana katikati.

Siku ile ya Ijumaa nilikwenda nacho kazini ndani ya begi. Wenzangu walianza kupanga visu vyao mezani, na kila kimoja kiling'aa kama kimetoka kwenye sanduku la zawadi. Chako kilikuwa cheusi, mpini wake umechakaa. Nilikuwa nimewasimulia kuhusu wewe wiki tatu nzima. Nikaona haya. Nikasema nimekisahau nyumbani. Saa ya chakula nilikimbia mpaka dukani nikanunua kile kilichong'aa kuliko vyote, chenye meno, chenye mpini mtupu. Maneno yako yote nilikuwa nayakumbuka nikiwa nimesimama pale, na bado nikakinunua. Kilikuwa na nembo ya kiwanda karibu na mpini. Nilijifungia chooni nikaikwangua kwa kipande cha msasa.

Nilipokiweka mezani wakapiga makofi. Bi Jalada akakusifu. Hapo ndipo ningeweza kusema, lakini nilicheka tu.

Kule mlimani, mwenye kushika gongo nilikuwa mimi. Kila nilipopiga niliwaza ile skrubu uliyonieleza. Nilijiambia pigo moja tu zaidi. Bapa lilipokatika sikusikia sauti ya chuma, nilisikia Bi Jalada akisema "Ah," taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Tulipokuwa tunamfunga, Mkuu wa Msafara aliokota mpini akasema, "Huyu shemeji yako ashtakiwe." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, mikono imejaa damu ya yule mama, na nikanyamaza. Tulimbeba kwa muda wa saa tisa. Saa tisa, shemeji, na ningeweza kusema wakati wowote. Nikawaza nitasema tukifika chini. Chini nikawaza nitasema akishonwa. Kisha ikawa wiki.

Nilipokuandikia kwamba kisu chako ni kizima, lilikuwa ndilo neno pekee la kweli katika barua ile. Nililichagua makusudi, nipate kujidanganya kwamba sijakudanganya. Nawe ukanishukuru. Nilikuwa mezani kwangu nilipofika pale uliposema nakuhurumia. Nilikwenda nikasimama kwenye ngazi mpaka watu wakaniuliza kama ninaumwa.

Na nisijipambe. Hata baada ya barua hiyo sikuandika. Jumapili mdogo wako alikuwa anatoa mablanketi kuyaanika. Akaja sebuleni ameshika kisu, akauliza, "Kaka alituma viwili?" Nikakipokea, nikakificha nyuma ya mto wa kiti. Akakaa mbele yangu, akasema, "Utaandika wewe, au niandike mimi?" Tangu siku hiyo anaongea nami ya lazima tu.

Jumatatu nitawaambia ofisini. Sikuombi kitu. Sijui hata kama nina haki ya kukuita shemeji katika barua hii, lakini sina jina jingine la kukuita.

Mchora Ramani


6 Agosti

Shemeji,

Barua yako imenikuta ninajua. Bi Jalada alinieleza kile kisu kilivyokuwa, bila kujua alichokuwa ananiambia. Siku kumi na mbili nimekuwa nikienda posta kutazama kama utaandika mwenyewe. Nilijizuia kukuuliza. Nilisema moyoni, nikikubana utakiri, na itakuwa nimekiri mimi kwa niaba yako.

Kukionea haya kisu changu nimeshakusamehe. Ni cheusi, nilikwambia mwenyewe. Mtu anaweza kuwaonea haya jamaa zake mbele za watu, na usiku akajilaumu, yakaisha. Lakini uliisoma barua yangu ya gunia. Ulijua nimepita nyumba tisa, uzee huu, nikijitangaza kuwa mwenye visu vya kuumiza watu, na ulikuwa na neno moja la kunitua mzigo huo. Wiki tatu hukulisema. Hilo bado linaniuma na sitakuambia limekwisha.

Na mimi nina langu la kukiri, nisije nikakaa juu ya kiti cha hakimu. Nilipofika kwenye meno ya msumeno katika barua ya yule mama, nilicheka. Nilicheka kwa sauti peke yangu, nikatoka nikawasha moto, nikapiga chuma kwa furaha tu. Ilipita karibu saa nzima ndipo nikakumbuka kwamba barua ile iliandikwa kwa mkono wa kushoto. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Vile visu bado viko kwenye gunia, kona ya karakana. Ningeweza kuvirudisha mwenyewe, lakini sitaki. Ukishawaambia wenzako, panda basi uje. Tutapita nyumba zote tisa. Utabeba gunia, na utasema wewe.

Mhunzi


22 Agosti

Bi Jalada,

Shemeji yangu amekuja na amekwisha kurudi, na kwa kuwa mkono ulioumia ni wako, naona una haki ya kujua ilivyokuwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwenye bucha. Shemeji akanitazama nianze. Mimi nikageuka nikawa nasoma bei ukutani. Mwenye bucha alipomwona na gunia alidhani ni mpagazi, akamwambia atue pale na aondoke. Ilibidi ajitambulishe kwanza. Akasema, "Visu hivi havina kosa. Kosa ni langu." Kisha akaeleza, na mwenye bucha akaacha kukata nyama. Mwishoni alichukua kisu chake, akakipapasa, akamwuliza kama ana watoto. Shemeji akajibu hana. Mwenye bucha akasema, "Afadhali," akarudi kwenye nyama yake.

Kwa seremala alisema vizuri sana, kupita kiasi. Tulipotoka nilimwambia ameanza kuyakariri maneno kama shairi la shule, na akirudia hivyo nitamwacha na gunia barabarani. Nyumba ya nne alisahau maneno yake yamefikia wapi, akakwama, akalia kidogo, akasema ovyo ovyo. Hiyo ndiyo niliyoiamini.

Sitakudanganya kwamba yote yamenyooka. Mama wa bustani ya mboga hakukipokea chake. Alishanunua kingine dukani, akasema amechoka kusikia habari za visu vyangu, vizima au vibovu. Tumerudi nacho, na sina la kumlaumu.

Mkuu wa Msafara ameniandikia kuniomba radhi na kuulizia tena vile kumi na viwili. Nimemjibu kwamba kuna kazi iko mbele yake. Kazi hiyo ni yako, ukiniruhusu. Visu vya kukatia karatasi vyote nilivyowahi kuviona vimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ukivishika kwa kushoto makali yanakimbia mstari. Niambie unakata nini zaidi, karatasi, kadibodi au ngozi. Unasimama au unakaa? Na kata kipande cha uzi sawa na upana wa kiganja chako cha kushoto, unitumie ndani ya bahasha.

Mhunzi


14 Septemba

Shemeji,

Uzi wa Bi Jalada nimeupeleka posta mwenyewe jana, umeshaupata au uko njiani.

Tulipokuwa pamoja hukuniuliza jinsi nilivyosema ofisini, na mimi nilishindwa kukusimulia nikikutazama. Nilisimama Jumatatu ile wakati wa kikao cha asubuhi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, lakini nikaiweka chini, nikasema bila kusoma. Hakuna aliyenikemea. Mkuu wa Msafara, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea kwa sauti ya chini. Alisema amekutukana bure kwa kalamu yake mwenyewe na hajui ataanzaje kuifuta. Wamenitoa kwenye kikundi, na ni haki. Wengine sasa nikiingia chumba cha chai wanakumbuka wana kazi.

Bi Jalada hakuwapo kikaoni, alikuwa kwenye mazoezi ya mkono hospitalini. Nilimfuata jalidini, chumba anachofanyia kazi, alasiri. Alinisikiliza akiwa anapanga kurasa, hakusimama. Nilipomaliza akasema, "Ungesema palepale mlimani, ningekukasirikia siku moja." Basi. Nikasubiri aseme zaidi, akaniomba nimsogezee gundi.

Tangu wakati huo kila siku saa ya chakula nakwenda jalidini. Sikualikwa wala sikufukuzwa. Namshikia karatasi zisiteleze wakati anajifunza kushona kwa kushoto. Anashona mistari sita, anafumua minne. Kidole cha kati kimeanza kusikia baridi, lakini cha pete bado.

Nyumbani, mdogo wako jana aliniuliza kama nataka chai. Nimeandika kwa sababu najua utaelewa uzito wake.

Leo kuna bwana mmoja alileta madaftari ya kujalidi kutoka ofisi nyingine. Hakuwa anatujua. Akauona ule mkono, akamwuliza Bi Jalada, kwa upole tu, umepatwa na nini. Bi Jalada hakujibu, wala hakuinua uso. Nikajua jibu lile halikuwa lake, lilikuwa langu.

Nikajibu mimi. Nilimweleza kwa mpangilio, jambo baada ya jambo, sikuruka kitu. Bwana yule alibaki ameshika madaftari yake kifuani. Bi Jalada aliendelea kushona. Hakunirekebisha mahali popote.

Shemeji yako,
Mchora Ramani